Tahakiki ya Pikipiki ya Bwana Shamba

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa Kiswahili alituzoesha kukiuliza kila kitabu maswali matatu kabla ya kukisifu au kukitia kasoro. Kinasema nini? Kinasemaje? Kinamfaa nani? Alipenda kutuambia kwamba mhakiki anayelisahau swali la tatu ni kama mnunuzi wa viatu anayekagua ngozi na mshono, kisha akaenda zake bila kupima mguu. Maswali hayo nilitembea nayo darasani miaka yote ya kazi. Nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu, lakini tabia ya kuuliza haikustaafu pamoja nami. Safari hii nayauliza juu ya kitu ambacho wahakiki wetu hawana desturi ya kukigusa, nacho ni pikipiki ya zamani ya njia mbovu, Yamaha DT175 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, niliyoinunua mwaka 2019 katika kijiji kimoja cha Sengerema na kuitengeneza hapa Mwanza kwa muda wa miaka miwili.

Msomaji anaweza kuuliza, chuma na uhakiki vina undugu gani? Undugu upo. Mtu anayebuni pikipiki huketi mezani kama anavyoketi mtunzi wa riwaya. Huchagua aweke nini na aache nini, huku akimfikiria yule atakayeitumia. Akishamaliza, kazi humtoka mikononi ikaenda kwa watu asiowajua, nao huisoma kwa haja zao wenyewe. Kwa hiyo pikipiki iliyozeeka ina maandishi ya aina mbili: yale ya kiwandani na yale yaliyoandikwa na barabara pamoja na mikono ya waliokuwa nayo.

Hapo ndipo linapozuka jambo lililonifanya niandike sura hii. Siku hizi nakutana na vijana wenye uwezo wanaozitafuta pikipiki za namna hii vijijini. Wakiipata huikwangua rangi, hung'oa kila kilichoongezwa, huipaka rangi inayofanana na picha za matangazo ya zamani, kisha husema wameirudisha katika hali yake ya asili. Kazi zao nyingine zinapendeza kwelikweli. Lakini nauliza: asili ipi? Ya kule Japani, au ya barabara za Usukuma ambako pikipiki hiyo iliishi miaka arobaini? Kwa maoni yangu, mara nyingi urejeshaji wa namna hiyo hufuta kurasa zilizo bora kuliko zote.

Nianze na ununuzi, maana huko nako kuna somo. Mwenye pikipiki hii alikuwa bwana shamba katika eneo la pamba. Alipewa kazini, na ilipofutwa katika daftari la mali ya ofisi akainunua mnadani, akaendelea kuitumia mpaka nguvu zilipomwisha. Alipofariki, pikipiki ilikaa chini ya mwembe, baadaye ikaingizwa ghalani na kufunikwa magunia. Mjane wake alikuwa na barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomtambua kuwa msimamizi wa mirathi, na kadi ya pikipiki iliyokwisha kupauka. Karatasi hizo mbili niliziomba kabla sijaugusa usukani, nami nawasihi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Pikipiki ya marehemu isiyo na msimamizi wa mirathi ni ugomvi wa ukoo unaouzwa kwa bei nafuu. Kisha nililinganisha namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, nikachunguza kama kuna alama za tupa au za kuchongwa upya. Injini ilikuwa imekwama na kiki haikushuka hata kidogo. Tulikubaliana shilingi 450,000.

Nyuma ya kiti ilikuwepo keria kubwa ya nondo na bomba, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Mimi niliitazama kama mtu anayetazama kiraka. Mama yule alinisoma usoni akaniambia, "Mwalimu, hiyo keria usiidharau. Ndiyo iliyonifikisha hospitali ya Sengerema usiku, nikiwa na uchungu wa mtoto wangu wa tatu." Keria hiyo nitairudia, kwa kuwa ndiyo kiini cha tahakiki hii.

Sasa tuliulize swali la kwanza. Pikipiki hii inasema nini? Ili kulijibu, hatuna budi kuujua ukoo wake. Kampuni ya Yamaha Motor ilianzishwa mwaka 1955, ikitokana na kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinanda, na ndiyo maana nembo yake mpaka leo ni uma tatu za kupimia sauti. Pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya cc 125, ilifuata mfano wa DKW RT125 ya Ujerumani. Pikipiki hiyo ya Kijerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa imekwisha kuigwa Uingereza ikaitwa BSA Bantam, ikaigwa Urusi, na hata Harley-Davidson wa Marekani walitoa yao ndogo kutokana nayo. Kila nchi iliisimulia kwa lafudhi yake, kama sisi tunavyosimuliana ngano ya Sungura, kila kijiji kikiongeza neno na kupunguza neno.

Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250, ambayo ndiyo nyanya ya hizi DT zote. Chanzo chake kinafaa kukumbukwa. Kabla yake kulikuwa na Wamarekani wengi waliopenda kupita jangwani na milimani. Walichukua pikipiki za lami, wakazivua mapambo, wakaipandisha egzosi juu, wakaweka tairi za meno na usukani mpana. Hayo waliyafanya vibandani mwao kwa msumeno na mashine ya kuchomelea. Watu wa Yamaha waliokuwa wakiuza pikipiki kule Marekani waliyaona, wakapeleka habari Japani, na kiwanda kikabuni pikipiki yenye mambo hayo yote tangu siku ya kwanza. Kwa maneno mengine, hiyo inayoitwa asili ilizaliwa na watu walioharibu asili ya pikipiki nyingine. Anayeshika picha ya tangazo na kusema kwamba hapa ndipo mwanzo, ameifungua hadithi katikati.

Swali la pili ni la fani. Inasemaje? Hapa sina budi kumsifu mtunzi. Gurudumu la mbele ni la inchi 21 na la nyuma ni la inchi 18. Gurudumu kubwa hupanda jiwe au kutoka shimoni kwa urahisi kuliko dogo, kwa sababu hulikabili pembeni mwa juu wala haligongi kifua kwa kifua. Madigadi ya mbele imeinuliwa mbali na tairi. Anayejua udongo mweusi wa mbuga zetu wakati wa masika ataelewa mara moja faida yake, maana pikipiki yenye madigadi iliyolala juu ya tairi hujaa tope na kusimama kabisa baada ya mwendo mfupi. Egzosi imepitishwa juu ubavuni ili isizame kwenye vijito. Nyuma kuna springi moja ndefu iliyolazwa chini ya tangi badala ya mbili za pembeni, na hiyo huliacha gurudumu la nyuma lipande na kushuka kwa nafasi kubwa bila kumrusha mpandaji.

Injini ni ya silinda moja, cc 171, ya mipigo miwili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Haina valvu za kichwani wala shafti ya kuziendesha. Fundi wa kijijini mwenye spana chache anaweza kukitoa kichwa na silinda chini ya mti, akaiona pistoni kabla chai haijapoa. Kwa lugha ya darasani, hii ni kazi iliyoandikwa kwa sentensi fupi.

Hata hivyo tahakiki isiyotaja dosari ni sifa tu. Injini ya mipigo miwili hula petroli nyingi kuliko ya mipigo minne yenye nguvu hiyo hiyo, na katika miaka ya uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980 jambo hilo halikuwa dogo. Mtu wa Honda XL alikwenda mbali zaidi kwa lita ile ile. Ukishuka mlima injini haikushikii mwendo, hivyo breki peke yake hubeba mzigo, na anayeijua Mwanza na miamba yake anaelewa maana ya kushuka. Kiti kiko juu mno kwa mwanamke aliyevaa kitenge. Taa ni za volti 6, hafifu, na glopu zake leo hupatikana kwa tabu. Tena kuna tangi dogo la pembeni la oili na pampu inayoipeleka kwenye injini yenyewe. Ni ubunifu mzuri, lakini oili ikiisha tangini, injini haimwambii mwendeshaji mpaka inapokwama. Ndiyo maana mafundi wengi huku waliifunga pampu hiyo na kurudi kwenye desturi ya kuchanganya oili na petroli kwenye kopo, kiasi cha sehemu moja kwa ishirini. Mtunzi alikuwa ametunga kwa ajili ya msomaji mwenye duka la oili karibu.

Tulipoifungua injini katika karakana moja ya Nyakato, tulianza kuyasoma maandishi ya pili, yale ya huku kwetu. Yalikuwa ya aina tatu, na kila aina inastahili hukumu yake.

La kwanza lilikuwa kipande cha kopo. Kwenye vishikio vya usukani, mtu alikuwa amezungushia utepe mwembamba wa bati la kopo ili usukani uliolegea ushike. Kilikuwa kimekatwa vizuri, hakina ncha, kimekaa mahali pake. Nilicheka, kwa sababu nilikumbuka kitabu cha Robert Pirsig, Mmarekani aliyepata kufundisha uandishi wa insha chuoni huko Montana. Kitabu chake, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilitoka mwaka 1974. Kinasimulia safari ya baba na mwana kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California, na humo ndani mna tukio la kopo kama hili. Rafiki wa msimulizi ana BMW ya thamani na usukani wake umelegea. Msimulizi anajitolea kuukaza kwa kipande cha kopo la bia. Rafiki anakasirika, kana kwamba ametukanwa. Kutokana na hapo mwandishi anajenga hoja ndefu juu ya watu wa aina mbili: wanaokitazama chombo kwa sura yake, na wanaokitazama kwa namna kinavyofanya kazi.

Nakiheshimu kitabu hicho, hasa kwa habari ya mwanafunzi aliyeshindwa kuandika insha juu ya nchi yake mpaka mwalimu alipomwambia aanze na tofali moja la jengo moja. Kila mwalimu wa insha anamfahamu mwanafunzi huyo. Lakini katika suala la kopo, naona mwandishi ameligeuza kuwa jambo la tabia ya mtu peke yake. Huku kwetu kopo halikuwa suala la tabia. Katika miaka ile spea ilikuwa mbali, na hata aliyekuwa na fedha hakuipata. Hapa Mwanza tunao mtaa unaoitwa Makoroboi, uliopata jina kutokana na taa ndogo za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo na vyuma vilivyotupwa. Mji ambao umeupa mtaa wake jina la taa ya kopo hauwezi kumshangaa mtu aliyeukaza usukani kwa kopo. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya utepe ule ni kwamba ni sentensi sahihi. Haudhuru chuma, hautishii maisha, na ukitaka kuuondoa unauondoa kwa bisibisi. Nimeuacha palepale.

La pili lilikuwa sponji. Chujio la hewa la DT ni sponji maalumu inayofuliwa na kulowekwa oili kidogo ili idake vumbi. Ilipokwisha, mtu aliweka kipande cha sponji ya godoro. Sponji ya godoro haikuumbwa kukaa na oili wala petroli. Ilioza, ikamegeka, ikapisha vumbi. Tulipoichomoa silinda tulikuta mikwaruzo ya wima kama ya makucha ya paka, na pistoni imeng'ang'ania humo. Sili za kombeo nazo zilikuwa zimekauka, na sili zikikauka injini ya namna hii huvuta hewa isiyopimwa, ikaungua kwa joto kupita kiasi. Aliyeiweka sponji ile alikuwa na nia njema kama yule wa kopo, na alikuwa na shida ile ile. Lakini nia njema si kipimo cha kazi. Sponji ilifanana na kitu halisi kwa macho, ikakataa kufanya kazi yake, tena ikaficha kushindwa kwake mpaka uharibifu ulipokamilika. Hiyo nimeitupa, wala sikuona huzuni.

Silinda tuliipeleka kwa mkereza vyuma. Pistoni za kiwanda hutolewa za kipimo cha kawaida na nyingine kubwa kidogo, kwa hatua za robo milimita, ili silinda iliyochubuka iweze kutanuliwa na kuvishwa pistoni mpya. Yetu ilikuwa ya milimita 66. Ilipotanuliwa kwa nusu milimita mikwaruzo yote ilitoka. Pistoni ilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Breki, tairi, cheni na nyaya za klachi niliweka vipya vyote bila ubishi. Kwenye breki sina mapenzi na historia.

La tatu ndiyo keria. Hapa fundi wangu na mimi tulibishana kwa siku kadhaa. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono safi na adabu. Aliniambia, "Mwalimu, keria hii ikibaki pikipiki itavunjika mgongo. Tuikate, itapendeza kama mpya." Nikamwomba anionyeshe, naye akanionyesha. Pale ilipochomelewa, fremu ilikuwa imeungua na kudhoofika, na upande wa kushoto palikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba. Hilo lilikuwa kweli, tena la hatari. Lakini katika kauli yake kulikuwa na hoja mbili zilizofungwa kwenye kitita kimoja. Ya kwanza ilihusu mgongo wa pikipiki, nayo nilikubaliana nayo moja kwa moja. Ya pili ilihusu kupendeza, na hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya ya kwanza. Kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha.

Tuitazame keria yenyewe. Imepangwa kwa akili. Sakafu yake ni ya nondo nyembamba zilizokaribiana ili kifuko kidogo cha mbegu kisidondoke. Pembeni ina ndoano mbili ambamo, kwa maelezo ya mama yule, mumewe alifungia pampu ya kupulizia dawa ya pamba. Nyuma imeinuka kidogo ili mtu aliyekaa asiteleze. Katikati nondo zimelika na kung'aa kwa msuguano wa magunia na watu. Kiwanda kilitunga pikipiki ya burudani ya Jumapili jangwani. Bwana shamba akaisoma kuwa ni pikipiki ya kazi, akaongeza sura iliyokosekana. Wala hakuwa peke yake duniani kuona pengo hilo. Kiwanda kile kile kiliwatengenezea wakulima pikipiki za AG100 na AG200, zenye keria mbele na nyuma. Yaani walichokiandika mafundi wa vijijini kwa nondo, kiwanda nacho kilikiandika kwa mashine zake. Sasa, kama tunaziheshimu egzosi zilizopandishwa juu na Wamarekani mpaka tukaziita asili, kwa haki gani tunaiita uchafu keria iliyowekwa na Msukuma?

Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, mkusanyaji wa pikipiki za zamani, alikuja kuiona. Alisema angetoa shilingi milioni tatu iwapo keria ingeondolewa na tangi kupakwa rangi mpya. Alizungumza kwa heshima na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kwamba zikibaki zote na viraka, wajukuu hawatajua DT ilikuwaje ilipotoka kiwandani. Ni kweli. Ningependa ziwepo chache za namna hiyo, zimetengenezwa kama siku ya kwanza, ili zitusaidie kulinganisha. Lakini picha, vitabu vya mafundi na matangazo ya siku ile ya kwanza vipo kwa wingi duniani. Habari ya miaka arobaini iliyofuata haikuandikwa popote ila juu ya chuma chenyewe. Ukilikwangua tangi lile unaondoa alama mbili za magoti zilizoila rangi mpaka bati, na hakuna kitabu cha kiwanda kitakachokurudishia. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilimshukuru, tukanywa soda, akaondoka.

Fundi tulipatana hivi. Keria ilikatwa kwenye fremu kwa uangalifu. Ufa ulizibwa kwa kuchomelewa upya, na bati nene likawekwa upande wa ndani kuimarisha mahali pale. Kisha keria ikarudishwa, safari hii kwa bolti nne na mipira ya kuzuia mtikisiko, na uzito wake ukiegemea mahali fremu inapoweza kuubeba. Haibebi mtu tena. Mwisho wake ni mzigo wa kilo ishirini. Hatukuipaka rangi mpya, tuliisugua kutu na kuipaka mafuta. Anayeitazama ataona ni wapi palikuwa pamechomelewa na ni wapi pamefungwa bolti. Na yule atakayeimiliki baada yangu, akiona nimekosea, ataiondoa kwa spana moja bila kuujeruhi mwili wa pikipiki. Hilo la mwisho naliona ni adabu ya msingi katika kazi yoyote ya kurejesha kitu cha kale, kiwe nyumba, ngoma au hati: usifanye jambo ambalo mwenzako wa kesho hawezi kulitengua, na usilifiche ulilolifanya.

Linabaki swali la tatu, lile la mguu na kiatu. Inamfaa nani? Kwa biashara, haimfai mtu. Matengenezo yalikula zaidi ya mara mbili ya bei ya kununulia, na kijana wa bodaboda atafanya vizuri akichukua pikipiki mpya ya India au China, isiyochoma oili na yenye spea katika kila duka. Kwa maonyesho ya wenye fedha haifai, maana haing'ai. Inamfaa anayetaka kusoma. Na wasomaji wa namna hiyo nawaona wengi kuliko tunavyodhani. Tazama pikipiki za bodaboda pale Buhongwa au Igoma. Zimeongezwa vyuma vya kulinda miguu, keria zilizoimarishwa kwa nondo, viti vilivyorefushwa, vizuia matope vya mpira. Kila moja imesahihishwa na fundi wa kuchomelea kulingana na njia zake na abiria wake. Bwana shamba wa Sengerema alikuwa mmoja wa watangulizi wao, na kazi yao inatoka mkono mmoja na yake.

Natamani vijana wanaosomea ufundi katika vyuo vya VETA wapewe pikipiki moja kuukuu kama hii, wakae mbele yake na karatasi, waandike: hiki kiliwekwa na nani, kwa shida gani, kilifanya kazi au kilidanganya? Waanze na bolti moja tu. Atakayeweza kutofautisha kopo na sponji, yaani kiraka kinachosema kweli na kiraka kinachoficha, atakuwa fundi mwema, na nadhani atakuwa pia msomaji mwema wa magazeti na wa hotuba.

Honda aliyoisafiria Pirsig imewekwa katika makumbusho ya taifa ya historia huko Washington, nayo imetulia humo kwa heshima yake. Hii ya bwana shamba bado inatembea. Nilipoinunua, ng'ambo ya Busisi tulikuwa tukivuka kwa pantoni. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya kwenda Sengerema haingoji tena foleni ya ziwani.

Hukumu yangu basi ni hii. DT175 ni utungo mzuri wenye fani imara, ulioandikwa kwa ajili ya wasomaji wengine na kukubali kusomwa na sisi. Keria ya bwana shamba ina maudhui bora kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki ile, ila fani yake ilikuwa na kasoro iliyokaribia kuivunja kazi nzima. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa pale ilipo, kwa chuma na bolti, na maudhui yakaachwa yaendelee kusomeka. Anayeikata keria na kuitupa jaani amerahisisha kazi yake, na ametuachia kitabu kisafi chenye kurasa pungufu.